Artikle Ambayo Albert Hakuisoma

Kila Ijumaa soko la Rubonde linafurika mpaka barabarani. Rubonde ni cité ndogo kwenye njia ya Sake kwenda Masisi, ukishapita Mushaki, na siku hiyo lori linalopanda linasimama kungoja linaloshuka, huku wanawake wamejipanga kando na beseni zao za maharagwe, mihogo na viazi, magurudumu karibu yawaguse magoti. Vestine alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, juu ya kidumu cha njano, na fromaji kumi na moja, jibini za duara za maziwa ya ng'ombe, mbele yake ndani ya beseni, zimefunikwa kitambaa cheupe. Alivaa kikwembe cha kijani chenye maua, libaya, blauzi ya mikono mirefu, kwa sababu ya baridi, na botte za mpira, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano.

Sauti ikatoka juu ya soko: "Biro inashuka."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kwa miaka yote ile maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, kasho. Mwanamke aliyekamatwa akiuza barabarani alifungwa nyuma ya biro, ofisi ya wakubwa wa cité, akalala kwenye sementi mpaka watu wa kwao walete kitu cha kumtoa. Kwa hiyo beseni zote zilipanda vichwani kwa wakati mmoja. Vestine naye akageuka, akakimbia bila kutazama mbele, akamgonga mwanaume kifuani. Fromaji moja ikaruka kutoka kwenye beseni, ikasimama kwa ukingo wake, ikaanza kuteremka yenyewe. Ikapita chini ya lori lililosimama, ikatokea upande wa pili, ikaendelea na safari.

Mwanaume yule alitupa faili yake chini akaifuata. Aliporudi, suruali yake iliyopigwa pasi vizuri ilikuwa na matope mpaka magotini, na fromaji ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mama, mali yako inajua kukimbia kukupita weye."

"Nani alikuambia miye ni mama? Sijazaa."

"Basi dada. Pokea. Haikuvunjika, ilichubuka tu."

"Aksanti, kaka. Sasa kimbia na weye, biro inashuka."

"Biro njo miye."

Vestine alitazama viatu vyake, akatazama faili iliyolala kwenye matope na mhuri wa cité juu yake, akashika beseni tayari kuondoka. Mwanaume akacheka polepole.

"Usikimbie. Kasho imekwisha. Kuanzia leo ni amande, muntu analipa faini, anapewa kitansi ya kuonyesha amelipa, na anaenda kulala kwake."

"Hiyo tulisha kuisikia."

"Hamukuisikia kwangu."

Hivyo ndivyo Vestine alivyomjua Albert wa Walikale, aliyetumwa Rubonde kusimamia soko na usafi chini ya Shefu Callixte, mkuu wa cité. Saa ileile alipanda juu ya benchi na megafone, akawasomea watu sheria mpya ya cité, artikle moja moja, kifungu kwa kifungu. Kuuza barabarani: amande. Kutupa uchafu kwenye mufereji: amande. Kufunga mbuzi katikati ya soko: amande. Kukosa salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, bila sababu: amande. Na kwa kosa lolote kati ya hayo, hakuna mtu wa kufungwa tena. Alikuwa anachukua Kifaransa cha karatasi na kukigeuza Kiswahili cha watu, akiweka mifano ya ng'ombe wa kijiji cha Kirolirwe waliokula kabichi za soko, watu wakacheka mpaka wale waliokimbia wakaanza kurudi. Alisoma artikle nane, akakunja karatasi, akashuka. Vestine hakuhesabu. Mungu amsamehe, alikuwa anatazama ule mdomo tu.

Jumatatu simu yake ikalia, namba asiyoijua.

"Allô, dada ya fromaji."

"Nani?"

"Ni ule mwizi alirudisha."

"Namba yangu ulipata wapi?"

"Kwa Myriam wa nyanya. Nilimununulia nyanya ya mwezi muzima. Nitazikula na nani, sijui."

"Zikule na watu wa kwenu. Kwenu Walikale munakulaka nini, kwanza? Si nyani?"

"Tunakula samaki ya muto na ndizi, na tunaona jua. Kwenu ni mvua na ng'ombe. Muntu anaweza kuishi hapa mwaka muzima hajaona kivuli yake."

"Rudia kwenu, basi."

"Nitarudia. Lakini sitarudia peke yangu."

Vestine alikata simu, kisha akabaki ameishika mkononi, akitabasamu peke yake mpaka Myriam, rafiki yake tangu shule ya msingi, akamwambia afunge mdomo inzi wasiingie.

Jumapili Albert alikuja kanisani. Alikaa benchi ya wageni, shati jeupe, koti la bluu lililombana kidogo mabegani. Mchungaji alipowaomba wageni wasimame wajitambulishe, alisimama akasema anaitwa Albert, anatoka Walikale, na amekuja kusikiliza korale, waimbaji wa kanisa. Kanisa zima likageuka kutazama korale, na korale yote ikageuka kumtazama Vestine katikati yao, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta ukurasa katika kitabu alichokijua kwa moyo.

Watu wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mama yake Vestine, Mama Byukusenge. Miaka miwili nyuma alikamatwa akiuza barabarani, akakaa kasho siku mbili, na tangu atoke mguu wake wa kushoto ulikuwa haukunjiki. "Hata akivaa viatu ya malaika," alimwambia binti yake walipokuwa wanachambua maharagwe, "ni muntu wa biro."

"Mama, huyu njo alikuja kuondoa kasho."

"Ameondoa ya nyumba. Bado ya moyo, sijaiona."

Lakini siku zile zilikuwa nzuri. Albert alikuwa anapiga simu asubuhi kuuliza kama mvua imeacha wenye fromaji salama, anapiga mchana kuuliza kama amekula, anapita soko jioni kabla jua halijazama, akinunua kipande kidogo asichokihitaji. Alimwita cheri mbele ya watu bila aibu. Alimwambia atamwita baba yake mdogo kutoka Walikale, waje kuonana na wazee wa kwao Vestine kumposa kabla ya mwezi wa nane.

Shida ilikuwa moja. Hakuna mwanamke aliyetaka kupokea karatasi ya amande. Wakimwona Albert na daftari, walikimbia kama zamani. Kwao, kutia sahihi kwenye kitu cha biro kulikuwa ni kujipeleka kasho kwa mkono wako mwenyewe. Wiki ya tano alimwita Vestine kwa mama mmoja anayeuza chai na mikate karibu na parking ya moto, zile pikipiki za abiria, na siku hiyo hakutania.

"Shefu Callixte aliniita. Anasema hii amande haikamati muntu. Mwezi ukiisha na rejista iko mweupe, bila jina hata moja, kasho inafunguliwa tena."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli. Anapenda nimuonyeshe hata muntu mumoja. Mumoja akitia sahihi, akilipa, akarudi kwake kupika, wengine wataona." Alizungusha kikombe chake. "Cheri, niko na aibu kukuomba."

Vestine alielewa kabla hajamaliza. Aliuona akilini mguu wa mama yake. Aliona pia macho ya Albert, yamechoka, yanamtazama kama mtu anayezama anavyotazama mkono.

"Ni miye wa kwanza?"

"Ni weye wa kwanza."

"Na ikisha lipwa, inakuwa aje?"

"Imelipwa," alisema Albert, akainua kikombe akanywa.

Hapo ndipo Vestine alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu wa mlimani. Kwao, mtu akikosa analeta mbuzi. Anasema kosa lake mbele ya wazee, mbuzi inachinjwa, waliokosewa wanakula pamoja na aliyekosa, na jambo limekufa. Hakuna mwenye ruhusa ya kulitaja tena, hata wakigombana baadaye. Anayelitaja, yeye ndiye anatafuta mbuzi nyingine. Vestine amekua akiona hivyo, na tangu azaliwe hajaona amande iliyoliwa ikaamka. Kwa hiyo hakuuliza zaidi. Karatasi, mbuzi, kwake vyote vilikuwa njia ya kumaliza.

Ijumaa iliyofuata alikaa barabarani na fromaji zake, Albert akaja na daftari, na safari hii Vestine hakuinuka. Wanawake wengine wakasimama mbali kutazama. Albert aliandika, akampa kalamu. Akatia sahihi jina lote, herufi kubwa, kama alivyofundishwa shule. Akalipa, akapewa kitansi, akaikunja akaiweka ndani ya libaya.

"Basi?" aliuliza Myriam kwa mbali, beseni ya nyanya bado iko kichwani.

"Basi."

"Hawakukufunga?"

"Unaona niko wapi?"

Kufika mwisho wa mwezi wanawake kumi na mmoja wengine walikuwa wametia sahihi, mmoja wao mjane wa kijiji cha Kibabi aliyesema afadhali alipe kuliko magoti yake kuendelea kukimbia. Myriam hakutia. Yeye alisema miguu yake bado mizima, na akaendelea kukimbia.

Wakati huohuo hangari, banda kubwa la soko jipya, ilikuwa inamalizika, bati jipya linang'aa, meza arobaini za sementi chini yake. Watu walikuwa wanaingojea tangu mwaka uliopita. Siku itakapofunguliwa, barabarani hakutakuwa tena na nafasi ya muuzaji hata mmoja. Asiye na meza hana biashara. Vestine alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, na alikwisha kumwambia mama yake meza itakuwa upande gani, karibu na mlango, ambapo upepo unapita na fromaji haitoi jasho.

Liste ya majina ya waliopewa meza ilibandikwa Jumanne kwenye ukuta wa biro. Vestine alisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Myriam alikuwa namba ya kumi na saba. Vestine hakuwemo. Mjane wa Kibabi hakuwemo. Hata mmoja kati ya wale kumi na wawili hakuwemo.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno ya Kifaransa, na mwalimu aliyekuwa amesimama pale akawasomea kwa Kiswahili. Kwa kufuata artikle ya tisa ya sheria ya cité, mtu yeyote aliyeandikwa katika rejista ya makosa hatapewa meza kwa muda wa miaka mitatu, hata kama amande yake imelipwa.

"Artikle ya tisa," alisema Myriam polepole. "Miye nilikimbia, nimepata. Weye ulitii, umekosa." Hakusema kwa kumcheka. Alimshika mkono, na Vestine akautoa.

Akaingia ndani ya biro. Albert alikuwa mezani kwake, chumba cha pili. Alipomwona mlangoni alisimama, na kwa jinsi alivyosimama Vestine alikwisha kujua nusu ya jibu.

"Siku ile juu ya benchi, ulisoma artikle ngapi?"

"Kaa kwanza, cheri."

"Ngapi?"

"Nane."

"Na karatasi iko na ngapi?"

Albert alitazama dirisha. "Tisa."

"Ulijua."

"Nilijua. Shefu alisema niikate, kwani wanawake wakiisikia hakuna mwenye atatia sahihi. Nilikuwa nafikiri nitatoa jina yako mbele ya liste kutoka. Nilikuwa nangojea Shefu asafiri, rejista ibakie kwangu."

"Jina yangu."

"Ndiyo. Yako."

"Na ya ule mujane wa Kibabi? Na ya wale wengine wote walisema, kama Vestine ametia, na siye tutie?"

Albert akafunga rejista iliyokuwa mezani. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo juu ya bati la hangari, na kila pigo liliingia mle chumbani.

"Sikia, Albert," alisema Vestine, na sauti yake haikupanda. "Kasho ilimukamata mama yangu siku mbili, ikamuachilia. Karatasi yako imenikamata miaka tatu, na niko natembea. Na kalamu ulinipatia weye."

Akatoka. Hakulia barabarani, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Alilia nyumbani, mbele ya mama yake, ambaye hakusema nilikuambia. Alimwekea tu sahani ya maharagwe, akakaa kando yake na ule mguu wake ulionyooka.

Simu ikaanza. Ilikuwa inalia asubuhi, inalia mchana, inalia jioni. Vestine aliiweka ndani ya ndoo ya unga, ikawa inalia humo kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.

"Itika ao uzime," alisema Mama Byukusenge siku ya tatu. "Unga yangu inatetemeka."

"Acha ilie, mama. Ijue vile inafanya."

Ujumbe nao ulikuja. Nisamehe cheri. Nilikosa. Niambie hata tusi moja. Vestine alisoma wote na hakujibu hata mmoja. Katika maombi ya Jumatano alipiga magoti kama wengine, akamwomba Mungu ampe moyo wa kusamehe, lakini hakumwomba ampe upesi.

Jumamosi, baada ya salongo, watu walikusanyika mbele ya hangari, majembe yakiwa bado mikononi. Shefu Callixte alivaa kofia yake ya kazi, akaeleza jinsi soko jipya litakavyofunguliwa wiki ijayo. Albert alikuwa nyuma yake, amekonda, megafone chini ya kwapa. Shefu alipouliza kama kuna swali, Vestine akasimama, na nyuma yake wakasimama wale kumi na mmoja.

"Shefu, amande yetu imelipwa ao haijalipwa?"

"Imelipwa, mama."

"Kwetu ikilipwa imeisha."

"Hii si mambo ya mbuzi. Ni mambo ya rejista. Sheria muliisomewa yote, hapahapa."

"Tulisomewa nane."

Minong'ono ikapita. Shefu akatabasamu, akageuka nyuma bila haraka, kama mtu anayeomba apewe maji. "Ajenti, uwaambie. Ulisoma ngapi?"

Vestine alikuwa anamtazama. Alijua kwamba neno moja tu, tisa, lingemwachia Albert mshahara wake, chumba chake na koti lake la bluu. Nani angebisha? Watu wengi siku ile walikuwa wanacheka tu, hawakuhesabu, hata yeye.

Albert aliinua megafone.

"Nilisoma nane," alisema. "Ya tisa niliiruka. Niliambiwa niiruke, na nikakubali, na nilijua itawafanya nini. Sasa ninaisoma." Akaisoma, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, mpaka mwisho. Hakuweka mfano wa ng'ombe. Shefu alipomnyang'anya megafone ilikuwa imechelewa, kwa sababu Albert alikuwa amemaliza, na watu walikuwa wameanza kuongea wote kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, majembe yamenyanyuka kidogo.

Jumatatu Albert hakuwa tena na kazi. Siku chache baadaye Shefu, ambaye hakupenda kelele zifike Masisi kwa wakubwa, aliongeza meza kumi na mbili nyuma ya hangari, upande wa choo, za mbao, bila bati. Wale waliotia sahihi wakapewa hizo. Mvua ikinyesha, Vestine alifunika fromaji zake kwa sheeting ya plastiki, yeye akabaki nje ya sheeting.

Watu walimsamehe Albert upesi. Mjane wa Kibabi alimpelekea viazi. Hata Mama Byukusenge alisema, "Amepoteza mukate wake mbele ya watu. Hiyo haiko kidogo."

"Alisema kweli siku aliulizwa," alijibu Vestine. "Miye sikumuuliza kwani nilikuwa namuamini. Kumbe kama unamuamini muntu, njo anakuficha?"

Mama yake akaendelea kuchambua maharagwe.

Albert alirudi Walikale. Simu zikapungua, kisha zikanyamaza, na Vestine akagundua kwamba kunyamaza kwa simu kunapiga kelele kuliko kulia kwake. Wiki ya nne, asubuhi ya Alhamisi, aliwaona wakishuka kwenye lori lenye matope mpaka kwenye kioo. Albert, bila koti. Mzee mfupi aliyevaa kofia ya sufu na koti kubwa kuliko mwili wake, ambaye ndiye baba yake mdogo. Na mbuzi dume mweusi, amechoka kama wao, maana walikuwa wametumia siku mbili njiani.

"Tumekuja kulipa," alisema mzee mlangoni kwa Mama Byukusenge. "Na siye kule porini tunalipaka hivi."

Mama Byukusenge aliwaita wazee wawili wa jirani. Albert alikaa kwenye mkeka, si kwenye kiti, akasema kosa lake bila kupunguza. Nilijua. Nikanyamaza. Nikamupatia kalamu. Mbuzi ikachinjwa, wakala, na Vestine akala pamoja nao. Alipomeza kipande cha kwanza kila mtu aliona, na jambo lile likafa hapo, kama inavyotakiwa.

Mzee akafuta mikono yake, akakohoa. "Sasa, kwani tuko hapa, na safari ni ndefu, kuko neno ingine tulikuwa tunapenda..."

"Baba, munisamehe," alisema Vestine kwa heshima, macho chini. "Leo mulikuja kulipa. Kuomba ni siku ingine."

Mzee alimtazama, kisha akacheka mpaka kofia ikashuka. "Albert, huyu amenipatia amande na miye."

Mchana Vestine aliwasindikiza barabarani. Mzee akaenda mbele kuongea na dereva, akawaacha wawili kando ya mufereji. Albert alikuwa amenyoa nywele, na shati lake lilikuwa lile la siku ya kanisa, kola imeanza kuchakaa.

"Nitarudi mwezi kesho," alisema. "Kama unakubali nirudi."

"Mbele sijajibu, nakuuliza. Siku ile sikuuliza, leo nauliza. Iko kitu bado haujanisomea?"

Alidhani atasema hapana. Alikuwa tayari kwa hapana, alikuwa amejiandaa hata kuiamini. Lakini Albert alitazama viatu vyake mpaka dereva akapiga honi mara ya kwanza.

"Iko mutoto," alisema.

Vestine akarudi hatua moja nyuma.

"Ni binti. Iko na miaka tano. Mama yake aliolewaka na muntu mwingine, mutoto anaishi kwa mama yangu. Nilikuwa naogopa. Kila siku nilikuwa nasema, nitamuambia kesho."

Kile kidonda ambacho mbuzi alikuwa amekifunga saa mbili zilizopita kilifunguka upya, mahali pengine, karibu na palepale. Miezi yote ile ya cheri, umekula, mvua imeacha, na kulikuwa na mtoto mahali anakula bila baba yake. Vestine alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kukaa chini, na hapakuwa na pa kukaa.

"Mbuzi ilikuwa ya kosa moja tu," alisema.

"Najua."

"Anaitwa nani?"

"Josiane."

Honi ikalia mara ya pili. Mzee alikuwa ameshapanda, ananyoosha mkono. Albert akashika ubavu wa lori, hakupanda, anamngoja.

"Panda, utaachwa," alisema Vestine. "Ukifika, piga simu. Nitaitika. Lakini weye usiseme kitu, hata neno moja. Umupatie mutoto simu."

"Na miye?"

"Weye utangoja."

Lori likaondoka likitupa matope pande zote mbili, na alipogeuka kurudi sokoni kikwembe chake kilikuwa na madoa mpaka kiunoni.

Jumamosi, saa tisa alasiri, alikuwa mezani pake upande wa choo, kisu mkononi, mnunuzi kutoka Sake anabishana naye juu ya kipande. Simu ikalia. Safari hii haikuwa ndani ya ndoo, ilikuwa mfukoni mwa libaya. Akamwambia mnunuzi angoje, akajifuta mkono, akaitika.

Kwanza palikuwa na pumzi tu. Kwa nyuma kuku, na mwanamke mzee anasema shika vizuri. Kisha sauti ndogo, kali, isiyo na woga.

"Allô. Weye njo nani?"

Vestine alifungua mdomo. Alitafuta neno, na kila neno alilolishika lilikuwa ama kubwa mno ama la uongo. Mnunuzi alikuwa anamtazama. Myriam, ambaye tangu mvua zianze alikuwa anakuja na nyanya zake kukaa naye huku nyuma bila bati, aliacha kupanga nyanya.

"Bado hatujajua, mama," alisema Vestine. "Umekula?"